Nyumba Tuliyopanga Karungu

Mwezi uliopita tulikutana kwa ndugu yangu Marwa, nyumbani kwake Migori, kumkumbuka mama yetu aliyetutoka mwaka jana. Baada ya maombi na chakula, watoto walipokwisha kwenda uani, wifi yangu alitoa simu akatuonyesha picha za nyumba ya kupanga huko Homa Bay, karibu na ziwa. Ina vyumba vya kutosha, jiko la gesi, sufuria na sahani zote zipo. Mnaenda na unga wenu na nyama yenu, mnajipikia. Hoteli hatuiwezi, alisema, lakini hii tukichanga tunaiweza. Marwa akajikuna kidevu. "Yaani tufunge safari yote hiyo kwenda kupika ugali ule ule?" Kisha akanigeukia. "Dada, wewe ulikuwa mkubwa. Mimi nakumbuka mchanga na samaki tu. Ile likizo yetu ya Karungu ilifaa kweli? Pesa zile na taabu ile?" Nikasema chai imepoa, nikaenda jikoni kuipasha. Lakini tangu siku hiyo swali lake limekaa nami kama mgeni asiyeaga, na nimeona nilijibu kwa kalamu, polepole, kwa sababu kwa mdomo sijui ningeanzia wapi.

Ulikuwa mwaka niliomaliza sekondari. Mtihani ulikuwa umekwisha, matokeo bado, na mimi nilikuwa nyumbani Kehancha nikizunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Tumbaku ya Baba ilikuwa imepata bei nzuri mwaka huo. Yeye alitaka bati jipya. Mama alitaka likizo. Neno hilo halikuwa la kwetu. Kwetu shule zikifungwa watoto walikwenda kwa nyanya kupalilia. Mama alikuwa fundi cherehani sokoni, na mteja wake mmoja, mke wa afisa, alimsimulia jinsi wao walivyopanga nyumba kando ya ziwa wakajipikia wiki nzima, kwa gharama ndogo kuliko ya hoteli. Tangu hapo Mama hakuwa na hadithi nyingine. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta, yeye na Baba, baada ya chakula. "Likizo ni ya watu wa mshahara," Baba akisema. "Na isitoshe, utapika wewe. Hiyo ni likizo ya nani, ya sufuria?" Mama akasema jambo ambalo sijalisahau: "Nataka tu niamke mahali nisipojua jogoo anayewika ni wa nani." Wiki iliyofuata tulipakia pikapu ya jirani: gunia la unga, maharagwe, nyama iliyokaushwa, magodoro, jiko la makaa, sufuria zote isipokuwa moja, na Marwa juu ya magodoro akiimba.

Nyumba yenyewe ilikuwa peke yake juu ya mwinuko mdogo, ghuba ya Karungu ikionekana yote kutoka mlangoni. Ilikuwa ya matofali, imepakwa chokaa ya buluu iliyokuwa imeanza kubanduka upande wa ziwa. Tulipokewa na mwanamke mmoja kijana aitwaye Pamela. Mumewe, Ouma, ndiye aliyekuwa akiikodisha. Pamela alitoka akitabasamu, funguo mkononi, akamsalimu Baba, akanisalimu mimi. Mama alikuwa bado anashuka nyuma ya pikapu, amejifunga leso kichwani. Alipogeuka, Pamela alirudi nyuma hatua moja. Funguo zilianguka mchangani, naye hakuinama kuziokota. Mama ndiye aliyeziokota, akazipangusa kwa leso, akatembea moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, ule wa nyuma, akaufungua. "Nimejuaje kwamba ni huu?" alisema akicheka, akituangalia sisi. Sisi tulicheka naye. Pamela hakucheka.

Jiko lile nalikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Lilikuwa na dirisha dogo linalotazama ziwa na kigoda cha miguu mitatu kilicholika katikati. Jioni ya kwanza Mama alinyoosha mkono juu ya boriti, bila kutazama, akashusha kiberiti. Chumvi ilikuwa kushoto, palepale aiwekapo kwetu. Kisu kilikuwa kimechomekwa nyuma ya mlango, kama chetu. "Mwanamke aliyekuwa hapa alikuwa na akili," Mama alisema, na kwa sababu alikuwa na furaha, sikuona ajabu. Tulikula ugali wa mtama na nyama tuliyokuja nayo. Baba alitafuna akasema, "Chakula ni kile kile, moshi tu ndio mgeni." Kuta za ndani hazikufika darini, kwa hiyo mtu akipumua chumba kimoja alisikika chumba cha pili, na usiku huo nilisikia pumzi za sote wanne, nikalala vizuri.

Asubuhi wanawake walianza kupita. Njia ya kwenda ufukweni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, ilipita mbele ya nyumba, na kila mmoja aliyepita alipunguza mwendo. Walitusalimu sisi kwa Kiswahili. Mama walimsalimu kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, wakimkazia macho: "Isedwogo?" Mama hakujua neno la Kijaluo, sisi sote hatukujua, sisi ni Wakuria. Lakini alikuwa mtu wa soko, mwepesi wa kujifunza adabu za watu. Aliona wanangoja jibu, akainamisha kichwa kwa heshima, akaitika, "Eee." Wakapumua. Mmoja alitua karai lake, akamwekea Mama samaki wawili mlangoni, ngege wakubwa bado wanarusha mikia, akaondoka bila kungoja malipo. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Isedwogo? Eee. Baba alifurahi. "Hawa watu ni wakarimu," alisema. "Kwa mwendo huu tutarudi na unga." Hata mimi nilianza kulisema neno lile, lakini mimi hawakunijibu, walinitazama tu kama mtu aliyeimba wimbo wa kanisani sokoni.

Jumapili tulikwenda kusali. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba tulipoingia, watu wamesimama, ngoma inapigwa. Mama aliingia mbele yetu. Sauti zilipungua moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima taa chumba hadi chumba, hadi akabaki mpiga ngoma peke yake, naye hatimaye akainua macho akaacha. Kisha mzee wa kanisa alikohoa, wakaanza upya kutoka mwanzo. Tuliporudi Mama aliniuliza kama nguo yake ilikuwa imechanika nyuma. Nilimwambia hapana. Mchana ule wadudu wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi mweusi wa shamba linaloungua, wakaja taratibu hadi ufukweni, wakafunika chokaa ya buluu yote. Tulifunga madirisha tukakaa gizani saa nane mchana, tukisikiliza mchakacho wao ukutani.

Baada ya hapo ndipo Dani alipoanza kuja. Hivyo ndivyo Pamela alivyomwita, yaani nyanya. Alikuwa mama mzazi wa Ouma. Alikuwa mwembamba kama mwiko, macho yake yameingia ukungu. Alikuja jua likianza kuinama, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, akamtazama Mama akipika, au tuseme akamsikiliza, maana sijui aliona nini. Hakujua Kiswahili. Mama alimpa chakula naye akala, na Pamela aliyekuwa amesimama nje alishika mdomo kwa kiganja. "Hajala hivi muda mrefu," aliniambia. Mama alianza kumpikia. Alichemsha omena akamwaga maji ya kwanza, akazikaanga hadi zikalia, akaongeza nyanya na maziwa kidogo. Baba alionja akaweka kijiko chini. "Hii umefunzwa na nani?" Mama akatazama mikono yake. "Sijui. Mikono imejua tu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini niliona tangu siku ile alikuwa anaketi kwenye kile kigoda kilicholika, akitazama ghuba, na Marwa alilazimika kumwita zaidi ya mara moja ndipo ageuke. Alikuwa anapendeza. Hilo nalo ni lazima niliseme. Sijawahi kumwona amepumzika vile, pamoja na kwamba alikuwa akipika kutwa.

Mimi ndiye niliyelivunja jambo lile, kwa bahati tu. Nilitumwa sukari dukani. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi, Kiswahili chake kizuri, na alipokuwa akipima sukari nilitaka kumwonyesha nimejifunza. Nikamuuliza, "Hii isedwogo ni salamu ya asubuhi au ya siku nzima?" Mkono wake ulisimama, sukari ikaendelea kumwagika nje ya mfuko.

"Hiyo si salamu, dada. Ni swali. Maana yake, umerudi?"

"Umerudi kutoka wapi?"

Alinitazama vizuri. "Nyinyi ndio mmekaa kwa Akoth. Nyumba ya buluu."

"Akoth ni nani?"

"Dada yake Ouma. Alikuwa anafanya biashara ya omena, anavuka kwenda kisiwa cha Remba, anarudi. Ile nyumba aliijenga kwa jasho lake. Siku moja mashua ilipatikana, watu wengine wakapatikana, yeye hakupatikana. Mama yake alikataa asizikwe. Alisema mtoto wake yuko Remba, atarudi." Akafunga mfuko wa sukari taratibu. "Sisi tumemwona mama yako. Uso ule, mwendo ule, hata ule mwanya wa meno. Sasa niambie. Wanawake wakimuuliza, mama yako hujibu nini?"

"Hujibu eee," nilisema.

Mwenye duka alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Nilirudi nikikimbia, nikawakuta Baba na Mama wamejipumzisha kwenye chumba chao baada ya chakula cha mchana, nikawaambia nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha nikatumwa nje pamoja na Marwa, lakini kuta zile hazikufika darini. "Tunaondoka leo," Baba alisema. "Nitafunga magodoro sasa hivi. Wafu wa watu si mchezo, Mama Robi. Umeitikia jina la maiti kwa siku zote hizi." Halafu nikamsikia Mama, "Yule mama ameanza kula. Ameoga, Pamela ameniambia. Tukiondoka leo, atasema nini? Kwamba mtoto wake amerudi, akampikia, akamkimbia tena?" Baba akasema hilo halituhusu, tulikuja likizo. "Nimeitikia kwa kinywa changu," Mama alisema. "Siwezi kuondoka hapa kama mwizi." Kisha Baba, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, aliuliza, "Na ni wewe kweli unayesema?" Sijui kama Mama alimjibu kwa kichwa au kwa macho. Sikusikia kitu.

Dani alipokuja saa zake, Mama hakuwa amewasha moto. Alikuwa amemngoja Pamela amtafsirie. Alipiga magoti mbele ya kizingiti, akasema, "Dani, mimi naitwa Nyangi. Nimezaliwa Kuria, mama yangu ni Mkuria na baba yangu ni Mkuria. Nilidhani mnanisalimu. Nisamehe." Pamela alitafsiri kwa shida, akirudia maneno. Dani hakuonyesha kwamba amesikia. Alinyoosha mkono, akautafuta mkono wa Mama, akaanza kuupapasa kidole kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele. Kwenye kidole gumba alisimama. Mama alikuwa na sugu pale, ngumu kama kwato, ya miaka ya kushika mkasi. Dani aliisugua ile sugu kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno machache, na Pamela badala ya kutafsiri akaanza kulia. Tulilazimika kungoja. Alipoweza kusema, alisema, "Anauliza, kama si wewe, basi yeye yuko wapi?"

Nimekuwa muuguzi karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimekaa na watu wengi saa ambazo hakuna la kusema. Lakini swali lile, jikoni mle, mchana kweupe, ziwa likimetameta dirishani, sijasikia la kufanana nalo. Katika ukoo ule hakuna aliyethubutu kuliuliza tangu mashua ilipookotwa. Sasa bibi mwenyewe alikuwa ameliuliza. Mama alibaki amepiga magoti, mkono wake ndani ya mikono ya bibi, hadi Dani mwenyewe alipoinuka. Akamwita Ouma, akamwambia akate yago.

Yago ni tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake kama mtu aliyelala. Waluo wakipotelewa na mtu majini na mwili usionekane, hulizika tunda hilo mahali pake. Asubuhi Ouma alilileta ndani ya gunia, akaliweka kivulini nyuma ya jiko, kwa sababu kiwanja kilikuwa cha Akoth na huko ndiko walikochimba. Watu walikuwa wameanza kufika. Pamela aliingia na kitambaa cheupe kimekunjwa. "Dani anaomba," alimwambia Mama bila kumtazama. "Anasema mkono wako ni wa fundi. Anaomba umshonee Akoth sanda. Anasema sanda iwe ya mtu, si ya tunda. Ujipime mwenyewe. Mlikuwa sawa."

"Hapana," Baba alisema. "Mtu hajipimii sanda."

Mama alikipokea kitambaa. "Baba Robi," alisema, "nilianza kwa kinywa. Niache nimalize kwa mkono."

Alitandika mkeka sebuleni akalala chali, mikono ubavuni. Pamela alishika kitambaa upande wa kichwa, mimi nikashika upande wa miguu. Kilipita juu yake, kikatulia, kikachukua umbo la pua na la magoti. Pamela alikishusha hadi kidevuni ili nipime, nikaona macho ya Mama yako wazi, yanatazama bati. Nilimwita. "Mama." Hakujibu. Nikamwita tena. Aligeuza kichwa akaniangalia, na wallahi nasema ninachokijua: aliniangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtoto wa wageni uliyemkuta nyumbani kwako. Nje, kabla hatujakata hata uzi mmoja, Dani alitamka jina la Akoth, na wanawake wote wakapaza sauti kwa pamoja. Mama akaketi. "Nipe mkasi," aliniambia. Alishona kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, bila kuinua kichwa, kilio kikizunguka nyumba.

Walizika mchana ule ule. Sisi tulisimama nyuma ya watu. Kila aliyelia jina la Akoth aligeuza macho kidogo kumtafuta Mama, akiisha kumwona akayaondoa haraka. Lile tunda liliposhushwa, limevaa sanda iliyopimwa kwa mama yangu, Baba aliyekuwa hamshiki mkono mbele za watu alimshika kifundo cha mkono, akakikaza hadi niliona vidole vyake vinageuka rangi. Hakumwachia hata walipofukia. Dani alipita karibu nasi akiongozwa na Pamela. Hakusimama. Asubuhi iliyofuata tulipokuwa tukipakia pikapu, wanawake walipita na makarai yao, wakatusalimu sote kwa Kiswahili, hamjambo, safari njema, kama wanavyosalimu wageni wowote.

Nikimjibu Marwa kwa hesabu ya jikoni, likizo ile haikufaa. Tulibeba sufuria zetu kwenda kuzichafua mbali. Mama alipika zaidi ya alivyopika nyumbani, na alirudi amekonda. Bati jipya lingedumu. Lakini mke wa afisa aliyemsimulia Mama habari za nyumba za kupanga hakumwambia jambo moja, pengine kwa kuwa halikumpata: hoteli humficha mgeni, bali ukipika mwenyewe kwenye jiko la mtu, ukaketi kigodani pake, ukashika chumvi yake, umeingia katika maisha yake na watu wake wanakuona. Mama alitaka kuamka mahali pasipomjua. Aliamka mahali palipomjua mno. Na bado, miaka ilivyokwenda, sikuwahi kumsikia akijuta. Nadhani alipewa wiki moja ya kuwa mwanamke mwenye nyumba yake, biashara yake na ziwa mbele ya dirisha, akaipenda, na hilo ndilo lililomtisha. Mimi nilijaza maombi ya chuo cha uuguzi mwezi uliofuata. Kabla ya Karungu nilitaka kwenda mbali tu, popote.

Tulifika Kehancha jua bado lipo. Jirani alishusha magodoro, Marwa akakimbilia kwa jirani kuwaonyesha wenzake konokono wa ziwani, Baba akafungua madirisha. Mama hakuingia. Alisimama uani, hatua chache kutoka mlangoni, begi mkononi, akiitazama nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyeelekezwa vibaya. Nilitaka kumfuata, Baba akanizuia kwa mkono. "Niiteni," Mama alisema. Hatukuelewa. "Mtu aniite. Kwa jina." Baba alitoka hadi kizingitini. Maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia akimwita Mama Robi, kama mila inavyotaka, kwa jina langu mimi, mtoto wa kwanza. Hata walipogombana alimwita hivyo. Alisafisha koo.

"Nyangi," alisema.

Mama alingoja.

"Nyangi wangu," Baba akasema, kwa sauti kubwa sasa, majirani wote wakisikia.

"Naam," aliitika, akaingia.